Si kila kinachowaka tumboni ni kanseri: namna ya kuangalia picha ya TEP

Leo sitaongea juu ya mbegu wala juu ya magonjwa ya muhogo. Nataka tuangalie pamoja picha moja ambayo inatembea sana mu magrupu ya WhatsApp ya familia zetu, kila mara mgonjwa anatoka Nairobi ao India. Ni picha ya mtu kuanzia kichwa hadi mapaja, kama kivuli, kijivu na nyeusi. Ubongo mweusi. Figo mbili nyeusi. Chini kabisa kibofu cheusi kama makala. Katikati ya tumbo kuna kitu cha kijivu kinajipinda kama nyoka. Dakika tano hazijapita, watu wameshaanza kuandika: «Mungu wangu, imeshaenea mwili muzima.»

Picha hiyo kwa Kifaransa inaitwa TEP, wenzetu wa Kiingereza wanasema PET. Na vitu vyote nimetaja hapa juu, ubongo, figo, kibofu, na ile nyoka ya kijivu, vinaweza kuwa vya mtu ambaye tumbo lake halina ugonjwa hata moja. Kabla ya kujua kitu gani kibaya, lazima mtu ajue kwanza kitu gani ni cha kawaida. Njo hiyo kawaida nataka kueleza, sana sana ya tumbo, juu tumbo njo mahali watu wanadanganyika zaidi.

Mimi si munganga. Nilifanya agronomia, na mlango wenye nimeingilia mu mambo haya ni maharagi. Musicheke. Mwaka 1923, mu muji wa Copenhagen, mwanakemia wa Hungaria George de Hevesy alichukua mimea ya maharagi makubwa ya Ulaya, akaweka mizizi yake mu maji yenye risasi kidogo ya mionzi, kisha akapima mionzi iko wapi: ngapi mu mizizi, ngapi mu shina, ngapi mu majani. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kufuata njia ya kitu ndani ya kiumbe hai kwa kutumia mionzi. Hevesy huyo huyo, inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana kule Manchester, alishuku mwenye nyumba yake anarudisha mabaki ya nyama mezani siku zinazofuata. Aliweka kidogo cha mionzi mu mabaki ya sahani yake, na kisha akaleta kifaa chake mezani. Kifaa kikalia. Baadaye alipata Nobeli ya kemia ya mwaka 1943 kwa kazi hiyo ya kufuatilia (ya traseri, si ya nyama).

Mu maharagi yake, risasi nyingi ilibaki mu mizizi. Je, mizizi ilikuwa na ugonjwa? Hapana. Mizizi njo mahali risasi inakamatwa. Shikeni hilo, juu ni lile lile mu picha ya mgonjwa wetu: traseri inaonyesha mahali kitu kinapita na mahali kinabakia. Haionyeshi ugonjwa. Ugonjwa ni maana ambayo mtu anatoa baadaye, akishajua mwili unafanya nini na kitu hicho siku zote.

Sasa, traseri ambayo wanatumia mara nyingi mu TEP inaitwa FDG. Ni glukozi, sukari ile ile ya damu, lakini ku kaboni ya pili wametoa kipande kidogo cha oksijeni na hidrojeni, wakaweka mahali pake fluori 18, ambayo ni ya mionzi. Fluori hiyo inatoa pozitroni. Pozitroni inakutana na elektroni, zote mbili zinapotea, na miali miwili inatoka, mumoja huku, mwengine kule, kwa mustari wa moja kwa moja. Mashini iko kama pete kuzunguka mgonjwa. Ikipata miali miwili kwa wakati mumoja, inajua kwamba kitu kiko mahali fulani ku mustari huo. Ikikusanya mistari mamilioni, picha inatokea. Watu wa kwanza kupewa FDG ni wawili wa kujitolea, mu mwaka 1976, ku Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani, na wakati huo walikuwa wanatafuta kuona ubongo.

Fluori 18 iko na haraka. Kila dakika 110, nusu yake inakwisha. Dawa ikitengenezwa saa mbili asubuhi, saa saba ya mchana karibu robo tatu na nusu imeshapotea. Kwa hiyo haiwezi kungoja ndege siku mbili. Lazima siklotroni, ile mashini ya kutengeneza fluori, ikae karibu. Nairobi iko nayo, kwa mufano ku Lopitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Njo maana mgonjwa wa Bukavu anafuata dawa kule, dawa haimufuate yeye.

Juu ya nini sukari hiyo inabakia mu seli? Fikiria gari inatoka Bukavu inaenda Uvira. Glukozi ya kawaida inapita mulango wa seli, inafika ku bariyeri ya kwanza, wanaigongea muhuri (enzimu ya heksokinazi inaiwekea fosfati), inafika ku bariyeri ya pili, inapita, na ya tatu, hadi mwisho wa safari inageuka kuwa nguvu. FDG nayo inapita mulango vizuri, inagongewa muhuri ku bariyeri ya kwanza. Lakini ku bariyeri ya pili wanaangalia karatasi, wanakuta kile kipande cha kaboni ya pili hakiko. Kuendelea, hapana. Kurudi nyuma na kutoka nje ya seli, hapana vilevile, juu mwenye muhuri hatoki. Basi inaegeshwa pembeni. Kisha saa moja hivi, mashini inapiga picha ya magari yaliyoegeshwa. Mahali njia iko na magari mengi, parking imejaa.

Kanseri nyingi zinakula sukari sana, Otto Warburg alishaonyesha hilo mu miaka ya 1920, na njo sababu TEP inasaidia. Lakini ubongo unakula sukari sana vilevile. Musuli unaofanya kazi, vilevile. Kidonda kinachopona, vilevile. Seli za damu nyeupe zinazopigana na mikrobi, ndiyo na hizo.

Tuingie sasa mu tumbo. Naanza na figo, juu figo njo zinatisha watu zaidi kuliko kitu chochote.

Glukozi ya kawaida ikichujwa mu figo, mwili unairudisha karibu yote mu damu, haitupi chakula. FDG nayo, ile mifereji midogo ya figo haiitambui vizuri, haiirudishi, inaiacha iende na mukojo. Kwa hiyo FDG inajaa mu figo, inashuka mu mirija miwili ya mukojo, inakusanyika mu kibofu. Vyote vitakuwa vyeusi kabisa, ku mtu yeyote. Kama figo na kibofu havionekane mu picha ya FDG, hapo njo munganga atashituka. Najua familia moja, jamaa zetu wa mbali, ambao walianza kuuza kipande cha shamba ku bei ya hasara juu mupwa wao aliye ku Ulaya aliona «mabonge mawili meusi ku mugongo» mu picha, akawaambia haraka haraka kanseri imefika ku figo. Ripoti ilikuwa mu bahasha ile ile, imeandikwa kwamba figo ni za kawaida. Hakuna aliyesoma hadi ukurasa wa pili. Shamba lilikuwa limeshaenda.

Mirija ya mukojo ni jambo la kuangalia kwa akili zaidi, hata banganga wanaihofia. Haionekane kama mustari muzuri kutoka figo hadi kibofu. Mukojo unashuka kwa kusukumwa, kidogo kidogo, kwa hiyo siku ya picha utaona tone hapa, tone kule, kama shanga zilizokatika. Na kando ya mirija hiyo hiyo kuna ganglioni, yaani tezi za limfu, mahali ambapo kanseri nyingi zinapenda kwenda. Nukta nyeusi ku mugongo wa chini: ni tone la mukojo ao ni ganglioni? Mu ile picha ya mwili muzima huwezi kujua, juu imebana mbele na nyuma pamoja, kama vile ukiangalia msitu kutoka mbali na miti yote inaonekana iko mustari mumoja. Munganga anafungua vipande vyembamba vya skaneri, kimoja kimoja, anafuata murija kutoka juu hadi chini. Nukta ikiwa ndani ya murija, ni mukojo. Kama mashaka yanabakia, wanamunywesha mgonjwa maji, ao wanamupatia dawa ya kukojoza, wanapiga tena. Tone linasogea, ganglioni haisogei.

Kibofu nacho kiko na shida yake: kinawaka sana hadi kinaficha majirani wake, tumbo la uzazi, tezi ya prostati, mwisho wa utumbo. Njo maana wanaambia mgonjwa akojoe mara moja kabla ya kulala ku mashini. Na aangalie nguo zake, juu hata tone la mukojo ku suruali linaweza kuonekana kama doa ku paja. Kuna tena watu ambao figo moja ilizaliwa chini, karibu ya nyonga. Wanaishi nayo vizuri bila kujua. Mu picha inatokea kama bonge kubwa jeusi mahali ambapo hapakuwa pa kuitegemea.

Ini ni kinyume. Liko kijivu cha katikati, limesambaa sawasawa, na punje punje kidogo kama ukuta uliopakwa chokaa na burashi ya zamani. Hizo punje ni kelele za mashini, hazina maana. Lakini juu ya nini ini, ambalo linafanya kazi ya sukari usiku na mchana, haliwaki sana? Juu kazi yake ni kuweka akiba ya sukari na kuirudisha mu damu. Liko na enzimu ya kuondoa ule muhuri wa bariyeri ya kwanza. FDG iliyoegeshwa ku ini inaweza kurudishiwa karatasi na kutoka. Kwa hiyo parking ya ini haijae.

Hapo kuna mutego ambao sisi Wakongomani tunapaswa kuujua. Kanseri zingine zinazoanza ndani ya ini lenyewe, zile ambazo seli zake zingali zinafanana sana na seli za ini, zinabakia na enzimu hiyo. Nazo zinaachilia sukari. Mu picha ya FDG zinaweza kuwa kijivu kile kile cha ini, hauoni kitu. Mtu anafurahi, «ini ni safi», kumbe haiko safi. Kwa kanseri ya namna hiyo, banganga wanategemea zaidi skaneri ya kawaida yenye dawa ya mushipa, ao IRM. Na kanseri ya ini iko karibu na sisi: virusi vya hepatiti B ni sababu moja, na aflatoksini, ile sumu ya kuvu ku karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya, ni sababu nyingine. Hiyo ya pili ni mambo yangu, nitairudilia siku ingine.

Bandama, mu mtu wa kawaida, liko kijivu kama ini ao kidogo chini yake. Kanuni ambayo mwanafunzi wa radiolojia anafundishwa: bandama lisizidi ini. Likizidi, tuulize kwanza maswali ya kawaida. Mgonjwa alichomwa sindano za kupandisha damu nyeupe kisha kemo? Sindano hizo zinaamsha uboho wa mifupa na bandama pamoja, picha yote ya mifupa inakuwa nyeusi, na mtu asiyejua atasema kanseri imeingia mu mifupa yote. Iko na maambukizo? Palu, kwa mufano, inafanyisha bandama kazi nyingi, sisi wote tumeshapapaswa chini ya mbavu za kushoto tukiwa watoto. Mgonjwa wa kwetu aliyemaliza palu juma lililopita akaenda kupiga TEP, aseme. Munganga wa kule mbali pengine hatamuuliza.

Mufuko wa chakula unaonekana kijivu ku ukuta wake, zaidi upande wa juu. Ukiwa mutupu unajikunja, ukuta unakuwa munene, unaonekana mweusi zaidi kuliko ulivyo. Kongosho linajificha, liko chini ya ini kwa rangi. Likiwaka mahali pamoja, hapo usilale. Kibofu cha nyongo na tezi ndogo za juu ya figo mara nyingi hata hauzitambui.

Utumbo, huo unataka maneno mengi. Ile nyoka ya kijivu ni utumbo, na hakuna watu wawili wenye utumbo unaofanana mu TEP. Utumbo mwembamba ni kijivu hafifu. Utumbo munene unaweza kuwa hafifu ku mtu mumoja na mweusi sana ku mwengine, wote wawili wazima. Upande wa kuume chini, mahali utumbo munene unaanzia, panawaka kidogo zaidi ku watu wengi juu kuna seli nyingi za kinga. Musuli wa utumbo wenyewe unasukuma, unakula sukari.

Na kuna metformini. Wale wenye ugonjwa wa sukari wanaijua, ni kidonge cha kila siku. Metformini inafanya utumbo uvute sukari nyingi sana, hadi utumbo wote unakuwa mweusi kama vile umemwagiwa wino. Haina ubaya kwa mgonjwa, lakini chini ya wino huo kidonda kidogo hakionekane tena. Ndiyo sababu, kama tumbo njo linachunguzwa, banganga wanaweza kuomba mtu aisimamishe masaa 48 mbele. Nasema banganga wanaweza kuomba. Usiisimamishe wewe mwenyewe juu umesoma andiko la agronome.

Ku utumbo, umbo linaongea kuliko weusi. Mweusi murefu unaofuata bomba la utumbo, mara nyingi ni kawaida. Lakini doa moja, la muviringo, limesimama peke yake ku utumbo munene wakati jirani zake ni kijivu, hilo hawalipuuze hata kama mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Wanatuma mtu kuingizwa kamera, juu mara nyingi wanakuta polipi ambayo inaweza kutolewa kabla haijageuka kuwa kanseri, na mara zingine kanseri yenyewe. Kwa hiyo musinisikie vibaya. Sisemi kila kitu ni kawaida. Nasema kawaida iko na umbo lake na mahali pake, na kitu kisichofuata umbo hilo kinaonekana vizuri zaidi ukishalijua.

Kwa dada zetu: mwanamke ambaye angali anaona siku zake anaweza kuwa na ukuta wa tumbo la uzazi unaowaka wakati wa damu, na kifuko kimoja cha mayai kinachowaka katikati ya mwezi. Ni mwili unafanya kazi yake. Mwanamke aliyeshamaliza kuona siku, kifuko cha mayai kikiwaka, ni habari ingine kabisa, inatafutiwa sababu. Doa ni lile lile, maana zake mbili. Ndiyo sababu ku mashini wanauliza tarehe ya mwisho ya siku zako. Wamoja wanasikia haya wanadanganya, ao kaka aliyewasindikiza anajibu mahali pao bila kujua. Jibuni wenyewe, tena kweli.

Mu ripoti utakuta namba inaitwa SUV, na watu wanaipigania kama vile ni alama za mutihani: «SUV ni 8, mbaya sana!» Wacha nieleze na mbolea. Una gunia moja la urea, kilo 50, unamwaga ku shamba la nusu hekta. Kama umemwaga sawasawa kabisa, kila metre karé inapata gramu 10. Sasa unaenda kupima. Mahali pamoja unakuta gramu 20: ni mara mbili ya wastani, SUV ni 2. Chini ya muteremko, mahali maji ya mvua yanakusanyikia, unakuta gramu 200: SUV ni 20. Mu mwili gunia ni dawa waliyochoma, shamba ni kilo za mgonjwa. Mtu wa kilo 70 aliyepata megabekereli 350, wastani wake ni kilobekereli 5 kwa kila gramu. Ini likiwa na 10, SUV ya ini ni 2. Ini la watu wengi linazunguka hapo, 2 ao zaidi kidogo. Na kibofu? Kibofu ni chini ya muteremko. Kinaweza kuwa 20, kinaweza kupita, na hakuna mtu wa kumulilia.

Kwa hiyo SUV ya 8 bila jina la mahali haina maana. 8 ku figo ni mukojo. 8 ku kongosho ni mashaka makubwa. Tena mafuta ya mwili hayachukue sukari sana, kwa hiyo ku mtu munene dawa yote inakimbilia viungo vingine na namba za ini zinapanda bila ugonjwa, kama vile shamba ambalo nusu yake ni mawe.

Banganga wa limfoma waliona hilo, wakakubaliana mu mwaka 2009 ku Deauville, Ufaransa, kwamba badala ya kubishana juu ya namba, watalinganisha doa na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ngazi ni tano. Ya kwanza, doa haliwaki. Ya pili, halizidi damu ya katikati ya kifua. Ya tatu, linazidi damu lakini halizidi ini. Ya nne, linazidi ini. Ya tano, linazidi ini sana, ao madoa mapya yametokea. Ini lile lile la kijivu, ambalo watu wanaliruka juu haliwaki, limekuwa metre ya kupimia wengine. Mimi napenda sana wazo hilo. Ku shamba tunalijua: hauhukumu mbolea yako bila kipande cha shamba ambacho hakikutiwa mbolea.

Lakini metre hiyo inaweza kuharibika, na mwenye kuiharibu mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe bila kukusudia. Wanamuambia asile masaa 4 ao 6 kabla ya sindano, maji matupu tu. Yeye anaona ni mateso, anakunywa chai ya sukari na mukate kidogo. Insulini inapanda, insulini inafungua milango ya misuli yote, FDG inakimbilia mu misuli. Picha inatoka na mapaja meusi, mabega meusi, ini limepauka, na kanseri kama iko inaonekana hafifu kuliko ilivyo. Vilevile aliyekimbia ao kubeba mizigo jana. Vilevile aliyeingia mu chumba cha baridi akitetemeka: kuna mafuta fulani ya mwili, ya rangi ya kahawia, yanayochoma sukari ili kutoa joto, yako ku shingo, kando ya uti wa mugongo, na hata juu ya figo. Ndiyo sababu wanamufunika blanketi na kumuambia akae kimya, asiongee sana, saa nzima.

Tena kuna rangi. Ile picha ya WhatsApp, mtu wa mashini anaweza kuivuta iwe nyeusi ao ipauke kwa kugeuza kidude kimoja. Akiweka mwisho wa rangi ku SUV 5, ini linaonekana zito. Akiweka ku 10, ini lile lile linakuwa kivuli. Screenshot haikuambie aliweka wapi.

Na kitu kinachowaka kweli, mahali pasipo pa kawaida, bado si lazima kiwe kanseri. Tuberkilozi inawaka sana. Ganglioni za tumbo zenye tuberkilozi na ganglioni zenye limfoma, mu TEP zinaweza kufanana kama mapacha. Kwetu tuberkilozi iko, mara nyingi dawa ya mwisho ya kujua ni kutoa kipande na kukiangalia ku mikroskopi. Kama munganga anaomba biyopsi kisha TEP, hamuibie mgonjwa makuta. Anauliza swali ambalo mashini haiwezi kujibu.

Haya yote ni ya FDG peke yake. Kuna traseri zingine, na kila moja iko na kawaida yake. Ile ya DOTATATE, wanayotumia ku aina fulani ya uvimbe wa homoni, inawasha bandama kuliko karibu viungo vyote, na hapo bandama jeusi ni sawa kabisa. Ile ya PSMA, ya prostati, inawasha figo, tezi za mate, na mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa hiyo mtu akikutumia picha, swali la kwanza: walichoma nini?

Ku ripoti, tafuteni neno «fiziolojiki». Likiandikwa kando ya figo, kibofu, utumbo, maana yake munganga ameona kinawaka na amekubali ni kazi ya mwili. Neno «fokali» ni doa moja, lisomeni hadi mwisho wa sentensi. Ikiandikwa «kulinganisha na» kipimo fulani, hawajamaliza, kuna kazi imebakia.

Na muchunge karatasi na CD yote, si screenshot. Mu karatasi kuwe sukari ya damu kabla ya sindano (juu ya 200 mara nyingi wanaahirisha), dakika ngapi zilipita kati ya sindano na picha, na dawa gani mgonjwa alikuwa anakunywa. Kisha kemo mgonjwa atarudi kupiga TEP ya pili, pengine ku muji mwengine na mashini ingine. Munganga wa pili ataanza na kuangalia ini la kwanza na ini la pili. Kama yanafanana, analinganisha madoa. Kama ini limebadilika sana, atauliza kwanza mgonjwa alikula nini asubuhi ile.